Twiga tunayempita Mikumi, na twiga aliyevuka bahari kutoka Malindi hadi China mwaka 1415

#1 DerevaSemi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye nafasi akae tuzungumze.

Ninaendesha semi Dar–Tunduma, huu ni mwaka wa kumi na moja. Barabara ile inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, kwa hiyo twiga kwangu amekuwa kama mwembe wa jirani: yupo, simwangalii. Wanaonyanyua simu ni abiria wa mabasi waliopita kwa mara ya kwanza. Sisi madereva tunamwogopa tu asije akatuingiza kwenye lile bango la faini, ambalo kila mnyama ameandikiwa bei yake.

Mwezi uliopita tairi la trela lilinipasukia ndani kabisa ya hifadhi, kama saa kumi na moja alfajiri. Giza lile si la kushuka ovyo. Tuliwasha taa za tahadhari, nikazima injini, mimi na utingo wangu tukakaa kabini kusubiri kupambazuke.

Mwanga ulipoanza kutoka akaja twiga mmoja, akasimama kwenye mgunga hatua kumi hivi kutoka kwenye kioo changu. Akatoa ulimi. Wakuu, ule ulimi ni zambarau iliyokolea, unakaribia weusi, na urefu wake ni kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Ukapenya katikati ya miiba, ukajisokota kwenye kitawi, ukavuta. Majani yakaja mdomoni, miiba ikabaki mtini. Nikasikia majani yakichanika, chwa, chwa, chwa. Miaka kumi na moja sijawahi kuisikia sauti hiyo, maana siku zote injini inanguruma. Kisha akavuka barabara mbele yetu, na hapo nikaona kitu kingine: mguu wa mbele wa kulia na wa nyuma wa kulia vinakwenda pamoja, halafu vya kushoto pamoja. Utingo wangu akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, huyu anatembea kama jahazi."

Nilipofika nyumbani nikamsimulia binti yangu aliye kidato cha tatu. Akachukua simu, akanitafutia mchoro wa zamani wa China. Umechorwa kwenye hariri. Twiga amesimama mzima, shingo imeinuka wima, mabaka yamepangwa kama nyavu, na pembeni yupo mtu ameshika kamba. Juu yake maandishi ya Kichina yamejaa kama mvua. Chini ya picha paliandikwa kwamba huyo ni twiga kutoka Malindi aliyepelekwa kwa mfalme wa China, 1415.

Tangu siku hiyo sina raha. Huyu ninayempita kila wiki bila kugeuza shingo, kuna watu walimvusha bahari nzima, na mfalme mwenye nchi kubwa kuliko zote akamtoa mchoraji wake amchore. Kwa nini? Walimpakia vipi? Wenye kujua njooni.

#2 Mwana wa Mambrui

Ndugu dereva, salamu kutoka Mambrui, kaskazini ya Malindi. Umenigusa pahala pangu.

Kwanza nikurekebishe kidogo kwa wema, maana jambo hili huchanganywa na wengi. Twiga walikuwa wawili. Wa kwanza alifika China 1414, na aliyempeleka ni mfalme wa Bengali, kule India. Huo mchoro aliouona binti yako unahusu huyo wa 1414, na maandishi ya juu ni utenzi wa sifa wa Shen Du, mwandishi wa hati nzuri pale kasri. Wa Malindi alifika mwaka uliofuata, 1415. Bengali haina twiga wa porini, kwa hiyo hata huyo wa kwanza lazima alitoka Afrika, akavuka mpaka Bengali, ndipo akavuka tena. Safari mbili za bahari kwa mnyama mmoja.

Sasa nikupe la huku kwetu. Mambrui tuna kaburi la mnara, la zamani sana, la mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani ya ule mnara waligandisha vibakuli vya kaure ya Kichina. Nilipokuwa mdogo tukicheza pale tuliviita vikombe vya maiti, na bibi alikuwa akitufukuza. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale, Wakenya na Wachina pamoja, walitoa ardhini hapa sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba katikati, imeandikwa jina la enzi ya Yongle. Yongle ndiye mfalme aliyepokea twiga. Nyingine ya enzi hiyohiyo ilipatikana 2013 kisiwani Manda, karibu na Lamu.

Kwa hiyo twiga alikwenda, na kaure ikaja. Ipo hapa, nenda kaitazame.

#3 Mwalimu wa Zamani

Nimefundisha historia sekondari miaka ishirini na sita na somo hili halimo kwenye silabasi kwa kiwango linachostahili. Naomba niingie kwenye swali la "kwa nini", maana jibu lake ni siasa tupu.

Yongle hakurithi kiti. Aliyerithi alikuwa mtoto wa kaka yake. Yongle akapigana naye kuanzia 1399, na 1402 akaingia Nanjing, mji mkuu. Kasri likaungua, yule kijana hakuonekana tena, na baba yake mdogo akakaa kwenye kiti. Sasa fikirini mtawala wa namna hiyo katika nchi ambayo watu wake wanaamini mbingu ndiyo inayompa mtu idhini ya kutawala, na mbingu hiyohiyo inaweza kuiondoa. Anahitaji dalili. Anahitaji kitu ambacho kila mtu atakiona kwa macho na kusema, basi, mbingu zimeridhika.

Wachina walikuwa na mnyama wa hadithi anayeitwa qilin. Hutokea duniani pale tu panapokuwa na mtawala mwenye haki. Mwili wa swala, mkia wa ng'ombe, pembe iliyofunikwa nyama, mpole kiasi kwamba hakanyagi jani bichi. Vitabu vyao vya kale vinamhusisha hata na maisha ya mwanafalsafa wao Confucius. Hakuna aliyewahi kumwona.

Halafu anashuka kwenye merikebu mnyama mwenye mwili unaofanana na swala, mkia wa ng'ombe, vipembe viwili vilivyofunikwa ngozi na manyoya, mpole, hana sauti. Na Wasomali wanamwita *geri*. Itamkeni hiyo haraka, kisha mtamke *qilin*, yaani "chilin". Wataalamu wengi wanaona kwamba mfanano huo wa sauti ulisaidia kumvika twiga jina hilo.

Ninachokipenda zaidi ni hiki. Mwaka 1414 wakuu wa serikali waliomba kumletea Yongle hati rasmi ya pongezi kwa kupata qilin. Akakataa. Akajibu kwa maana kwamba nchi ikiwa na amani, hata bila qilin utawala bora hauzuiliki. Lakini 1415, twiga wa Malindi alipofika, alitoka mwenyewe hadi lango la kasri kumpokea, pamoja na punda milia waliyemwita farasi wa mbinguni na choroa waliyemwita swala wa mbinguni. Maofisa wakasujudu. Yeye akasema ni kwa wema wa marehemu baba yake na msaada wa mawaziri wake, akawataka wamkosoe akikosea.

Baba yake, mnaona? Mtu aliyempokonya mjukuu wa baba yake kiti anasimama langoni mbele ya twiga wetu na kumtaja baba. Nilipoisoma mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikatoka nje kutembea.

#4 Kijana wa Buza

Mkuu mwalimu, heshima kwako. Lakini mimi naona tofauti. Tumetoa twiga, punda milia, choroa, tukapewa vibakuli vya kugandisha makaburini. Hiyo ndiyo biashara? Mnashangilia nini hapo?

#5 Mwana wa Mambrui

Kijana, swali lako lina haki ya kujibiwa.

Malindi wakati ule si kijiji kilichokuwa kikisubiri kugunduliwa na mtu. Ni mji wa Waislamu wafanyabiashara, wenye vyombo vinavyokwenda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi. Jirani yao na mshindani wao ni Mombasa, yenye bandari nzuri zaidi. Mji wa namna hiyo unatafuta rafiki mkubwa wa mbali. Na utaratibu wa Wachina ulikuwa kwamba anayeleta zawadi hurudishiwa zawadi za thamani kubwa, hariri na kaure, na wajumbe wake wanasindikizwa hadi kwao. Safari ya tano ya Zheng He, mkuu wa misafara ya bahari ya Yongle, iliyoondoka 1417, ndiyo iliyorudisha wajumbe, na ilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Merikebu za dola ile kutia nanga mbele ya mji wako huku Mombasa wanatazama, hiyo si kitu kidogo.

Na siasa hiyo hawakuiacha. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipokosana na Mombasa, Malindi ndio waliompokea na kumpa rubani wa kumvusha hadi Kalikut, India. Unaweza kusema mara ya pili walimchagua rafiki mbaya, na mimi nakubali, tulilipia sana. Lakini akili ni ileile.

Kuhusu vibakuli, ukienda Kunduchi hapo kwenu Dar utakuta makaburi ya minara nayo yaliyotiwa kaure. Watu hawaweki kitu cha hovyo kwenye kaburi la mpendwa wao.

#6 Nahodha Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote. Nimemwachia mjukuu wangu aandike, mimi nasema.

Miaka ya sabini nilikuwa baharia wa jahazi kati ya Lamu na Mombasa. Tulipakia boriti, samaki wakavu, maembe, na mara nyingine ng'ombe. Ng'ombe ukimpakia unamfunga mkanda wa gunia tumboni, unampandisha kwa henza taratibu, watu wanne chini wanamshika asijizungushe. Ndani unamwagia mchanga, maana mbao zikilowa mkojo huteleza na akianguka akavunjika mguu basi ni kisu. Unamfunga kichwa kuelekea omo, apate upepo usoni. Mnyama asiyepata upepo hutapakaa jasho na haendi siku mbili. Kamba iwe ya kumbi, si ya nailoni, nailoni inachana ngozi. Na usiku mmoja wa mawimbi ya pembeni ng'ombe mzima hupiga magoti mwenyewe, akalala, akawa na akili kuliko wewe.

Sasa huyo twiga. Ng'ombe nimempeleka siku mbili tatu. Huyo ni miezi. Mimi sina shaka alikuwa mtoto, mkubwa huwezi. Lakini nina maswali mawili kwa mwenye elimu. La kwanza, shingo ile inakaa wapi katika chombo chenye sitaha? La pili ndilo linaninyima usingizi: ng'ombe nampa nyasi kavu na pumba. Twiga hula majani ya mti. Majani mabichi ya miezi yote hiyo baharini waliyatoa wapi?

#7 DerevaSemi (mleta uzi)

Shikamoo mzee nahodha. Swali la majani sikuwahi kuliwaza, na mimi ndiye niliyekaa nikimtazama akila. Wenye elimu, mzee anasubiri.

#8 Daktari wa Wanyamapori

Marahaba kwa wote, na kwa mzee shikamoo. Ninafanya kazi ya kutibu wanyamapori hapa Tanzania, nimeshika twiga kwa mikono yangu mara nyingi. Swali la majani sitalijibu mara moja, nitaeleza kwanza mnyama mwenyewe ni nani, mtaelewa kwa nini kumfikisha China akiwa hai ni jambo la kushangaza kuliko mnavyofikiri.

Shingo ya twiga ina pingili saba. Shingo yako ina pingili saba. Za kwake ni ndefu tu, kila moja huzidi robo ya mita kwa mkubwa. Ili damu ipande hadi kichwani, moyo wake, wenye uzito wa kilo kumi na kitu, unasukuma kwa presha mara mbili hivi ya ya kwako. Mtu mwenye presha hiyo tungemkimbiza wodini. Yeye ndiyo afya yake. Sasa akiinama kunywa maji, kichwa kinashuka mita kadhaa kwa sekunde chache. Ingekuwa bomba la kawaida, damu ingemshukia kichwani kwa nguvu. Lakini kwenye mshipa unaorudisha damu kuna vilango vinavyoizuia isirudi kichwani, na chini ya ubongo upo mtandao wa mishipa midogomidogo unaotuliza ile presha. Miguuni ngozi imebana ngumu kama soksi, damu isijae huko.

Mshipa wa fahamu unaokwenda kwenye koo la sauti unatoka kichwani, unashuka hadi kifuani, unazunguka mshipa mkubwa wa damu, kisha unapanda tena hadi kooni. Kwako wewe ni safari fupi. Kwake ni mita nne na zaidi, wakati kati ya unakotoka na unakokwenda ni sentimita chache tu. Niliuona kwa macho kwenye twiga aliyegongwa na gari, nikaufuata na kidole changu. Nilikaa chini pale kwenye majani.

Sasa kumkamata. Ukimpiga sindano ya usingizi ya bunduki, kila dakika anayolala chini ni hatari. Anaweza kucheua chakula kikaingia kwenye mapafu, anaweza kuanguka vibaya akavunja shingo. Kwa hiyo akishaanguka tu tunamrudishia fahamu mara moja kwa dawa nyingine, tunamfunga kitambaa machoni, tunaziba masikio, na watu watatu wanne tunakaa juu ya shingo. Ndiyo, juu ya shingo. Twiga hawezi kuinuka bila kurusha kichwa kwanza, kwa hiyo ukikishika kichwa umemshika wote. Unausikia mwili mzima ukitetemeka chini yako na pumzi moja inachukua muda mrefu kutoka. Hayo tunayafanya na dawa, gari na redio. Wale wa 1415 walikuwa na kamba.

Mwalimu kasema hana sauti. Ndivyo tulivyoamini wote. Mwaka 2015 watafiti waliwarekodi twiga katika bustani za wanyama Ulaya usiku, wakakuta wananguruma kwa sauti nzito ya chini, kama mtu anayeimba bila kufungua mdomo. Usiku tu. Mabaharia wa ule msafara huenda waliisikia karne sita kabla yetu.

Na jambo la mchoro. Dereva ana jicho zuri, alisema mabaka kama nyavu. Twiga wetu wa Mikumi, twiga wa Kimasai, mabaka yake yamechanikachanika kingo kama majani ya mzabibu. Mabaka ya nyavu, yenye mistari myeupe safi, ni ya twiga wa kaskazini ya Kenya na Somalia. Sitoi hukumu kwa kutazama hariri, lakini mpaka wa hao wawili unakwenda karibu na mto Tana, na Tana inamwaga maji yake baharini kati ya Malindi na Lamu. Mwaka 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ilikubali kwamba twiga si aina moja bali ni nne, na hao wawili ni aina mbili tofauti. Mchoraji wa China aliiweka tofauti hiyo kwenye hariri miaka mia sita iliyopita.

#9 Bint Sur (Maskati)

Assalamu alaykum. Ninaandika kutoka Maskati, babu yangu alizaliwa Unguja, Kiswahili chetu nyumbani hakijatoka.

Daktari umenifurahisha. Mimi nadhani jibu la mzee nahodha ninalo, na limo kwenye maneno ya mtu aliyekuwemo kwenye misafara hiyo.

Anaitwa Ma Huan. Mwislamu wa China, alichukuliwa kuwa mkalimani, kama Zheng He mwenyewe alivyotoka katika familia ya Waislamu wa Yunnan. Aliandika yale aliyoyaona katika nchi alizofika, na katika habari za Aden anamweleza qilin. Miguu ya mbele inazidi futi tisa za kwao, ya nyuma ni kama sita. Kichwa kimeinuliwa juu, shingo ndefu, hivyo hakuna anayeweza kumpanda. Pembe mbili fupi za nyama kando ya masikio. Mkia wa ng'ombe, mwili wa swala. Halafu anasema anakula nafaka isiyokobolewa, maharage, na mikate ya unga.

Mzee, umeisikia hiyo? Mikate ya unga! Twiga wa porini hali mikate. Ma Huan alimwona mnyama aliyekwisha kufugwa, aliyefundishwa kula kile ambacho watu wanaweza kukibeba. Majani ya miezi mitatu huwezi kuyapakia. Magunia ya mtama unaweza.

Na la shingo: mwaka 1826 Muhammad Ali wa Misri alimpeleka twiga kwa mfalme wa Ufaransa, Charles X. Alikuwa jike mdogo kutoka Sennar, Sudan. Kwenye chombo walikata tundu kwenye sitaha ili shingo itokeze juu, na walimpakia na ng'ombe wa maziwa, maana alikuwa bado ananyonya. Kutoka Marseille hadi Paris alitembea kwa miguu, siku 41, na ng'ombe wake wakiwa pamoja naye. Kule nako ilikuwa siasa, Muhammad Ali alikuwa vitani na Wagiriki na alitaka Wafaransa wasimwingilie. Hawakusikia. Lakini yule twiga aliishi Paris hadi 1845.

#10 Nahodha Mstaafu

Mikate ya unga. Allahu Akbar.

Binti yangu, umenipumzisha. Na hilo la tundu kwenye sitaha ni la baharia kweli, mimi ningefanya hivyohivyo, halafu ningezungushia gunia lililojazwa makumbi pale shingo inapopita, chombo kikiyumba asichubuke.

#11 Daktari wa Wanyamapori

Bint Sur, ahsante sana. Nakumbuka Ma Huan huyohuyo aliandika kwamba kwato zake zina vidole vitatu. Hapo alikosea, twiga ana viwili. Lakini ninamwelewa: huwezi kumsogelea miguuni kiasi hicho, teke lake moja linaua simba. Aliyeandika urefu wa miguu kwa futi na akakosea kwato alikuwa amesimama mbali kidogo na ameangalia juu. Nami ningeangalia juu.

Chakula cha nafaka kinamdhuru tumbo kikizidi, kwa hiyo aliyekuwa akimlisha alijua kipimo. Kulikuwa na mtu, wakuu. Mchungaji mmoja kutoka pwani hii, aliyejua mnyama huyu ale kiasi gani na asile nini, na inawezekana ndiye aliyeshika kamba hadi lango la kasri. Hilo ndilo linalonikaa moyoni.

#12 Mrangi wa Kolo

Nimechelewa. Ninyi mnazungumzia miaka mia sita. Njooni Kondoa.

Kwetu Kolo kuna mapango ya michoro, UNESCO waliyaandika urithi wa dunia 2006. Unapanda mlima kwa miguu, mawe makubwa yameinama kama paa, na chini yake ukutani wapo: tembo, swala, watu wembamba wenye vichwa vikubwa, na twiga. Nyekundu ya udongo. Nilipelekwa na babu nikiwa na miaka tisa. Pale Mungomi wa Kolo wazee huenda kuomba mvua na tiba mpaka leo, kwa hiyo babu alinikataza kugusa ukuta na kunikataza kupiga kelele. Nilisimama nikamwona twiga mmoja, mstari mmoja tu wa mgongo unaoshuka, lakini ulikuwa ule mteremko wenyewe, kutoka bega refu kwenda kiuno kifupi. Aliyechora alimjua.

Michoro ile haina tarehe iliyoandikwa, lakini ile ya zamani ni ya maelfu ya miaka. Aliyechora pale hakuwa na mfalme wa kumfurahisha. Kijana wa Buza, hili ni lako.

#13 Mwalimu wa Zamani

Na Misri pia. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Farao Thutmose III, zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, kuna Wanubi wanaleta zawadi, na miongoni mwake twiga mwenye kamba miguuni na tumbili anapanda shingo yake kama anapanda mnazi. Zawadi za watawala, tena na tena mnyama yuleyule.

#14 Kijana wa Buza

Nimesoma hadi hapa. Naomba niseme wazi kwamba nilikuwa nimeingia kubishana tu. Hiyo ya mchungaji aliyeshika kamba imenibadilisha. Nilikuwa nafikiria mnyama na mfalme, sikumfikiria mtu wetu aliyekuwa katikati.

Swali kwa daktari: hali ya twiga wetu sasa ikoje?

#15 Daktari wa Wanyamapori

Twiga wa Kimasai aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 2019. Ndiye mnyama wa taifa letu, ndiye aliyekuwa amefichwa ndani ya noti zetu za zamani ukiiinua kwenye mwanga, na timu yetu ya taifa ya wanawake inaitwa kwa jina lake. Malisho yanakatwakatwa na mashamba, wanauawa kwa nyama, na kuna watu walioaminishwa kwamba ubongo na uboho wake unatibu UKIMWI. Hautibu. Nimekuta mizoga iliyopasuliwa mifupa kwa imani hiyo, mnyama wa tani moja ameachwa aoze. Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure hospitali. Mwenye jamaa anayeamini jambo hilo, amwambie leo.

#16 DerevaSemi (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi kutoka Tunduma usiku wa kuamkia leo. Nimepita Mikumi saa kumi na mbili asubuhi, mwendo wa pole. Walikuwa saba, upande wa kulia, baada ya lile daraja. Utingo wangu ndiye aliyewaona kwanza, akaniambia, "Kaka, mabaka ya mzabibu." Tumetazama kwato, ni mbili. Mmoja alikuwa mdogo, anamfikia mama yake tumboni, na nikajikuta ninampima kwa macho kama angeenea kwenye trela langu, kichwa kikitokeza juu ya turubai. Angeenea. Nikawaza mikate ngapi kwa siku.

Mwana wa Mambrui, nina ombi. Binti yangu anataka kuona vile vibakuli vya kaburini kwa karibu, rangi yake na kilichochorwa ndani. Amesema kama kuna mnyama amechorwa, umtumie huyo kwanza.

#17 Mwana wa Mambrui

Ijumaa baada ya swala nitakwenda na ngazi ya fundi jirani yangu. Vingine vimeng'olewa zamani, yamebaki matundu ya mviringo kwenye chokaa, lakini nitapiga picha na matundu pia. Mwambie mtoto asubiri.